Sura ya 7: Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Tarehe 1 Februari 2017, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Eric Schneiderman, aliifungulia mashtaka kampuni ya Charter Communications. Charter ilikuwa imeinunua Time Warner Cable mwezi Mei mwaka uliotangulia, na pamoja na nyaya, magari na mamilioni ya wateja ikarithi pia uchunguzi uliokuwa umeanza tangu mwaka 2015. Dai lilikuwa jepesi kueleweka: kampuni iliwauzia watu kasi ya intaneti ambayo ilijua haiwezi kuifikisha. Wateja wa vifurushi vya juu, vya megabiti 100, 200 na 300 kwa sekunde, walikuwa wakilipa hadi dola 109.99 kwa mwezi. Kwa mujibu wa mashtaka, kasi waliyoipata kwa waya ilipungua kwa hadi asilimia 70 ya ile waliyoahidiwa, na kwa Wi-Fi wengine walikosa zaidi ya asilimia 80 ya walicholipia.

Mpaka hapo ni ugomvi wa kawaida wa muuzaji na mnunuzi. Kilichoitofautisha kesi hii ni kwamba kampuni ilikuwa na cheti. Tangu mwaka 2011, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa ikipima kasi ya intaneti majumbani na kuchapisha matokeo ya kila kampuni kubwa, na katika karatasi hizo Time Warner Cable haikuonekana kuwa na tatizo la kutisha. Palikuwa na hesabu mbili zisizopatana: ya ripoti, iliyosema mambo ni shwari, na ya sebuleni, ambako filamu ilikwama usiku baada ya usiku. Mashtaka yalidai kwamba hesabu ya ripoti ilichezewa.

Tutafika kwenye namna ilivyochezewa. Kwanza tuone jinsi takwimu za mtandao zinavyoweza kumpotosha mtu hata pale ambapo hakuna aliyedanganya, kwa kuwa hapo ndipo kutoaminiana kunapoanzia. Mteja anasoma tangazo, anatazama simu yake, anaona vitu viwili tofauti, na anahitimisha kwamba ameibiwa. Mara nyingine kweli ameibiwa. Mara nyingine ameuliza swali moja na kujibiwa jingine.

Kasi inayouzwa na kasi inayofika

Kampuni ya intaneti huuza nafasi ya kupitisha data, na nafasi hiyo huiuza kwa watu wengi kuliko inavyoweza kuwatosha wote kwa mpigo. Ndivyo biashara yenyewe ilivyo. Si wote wanaopakua filamu dakika ileile, na kama kila nyumba ingetengewa njia yake peke yake hadi ng'ambo, hakuna ambaye angemudu bei. Kwa intaneti ya kebo kama ya Time Warner, nyumba za mtaa hugawana njia moja. Kwa simu, wote walio ndani ya eneo la mnara mmoja hugawana masafa yake. Basi ubora wa huduma unategemea uamuzi mmoja ambao mteja hauoni: warundikwe watu wangapi kwenye njia moja kabla kampuni haijakubali kutoa fedha za kuipanua?

Kwa sababu hiyo kasi hupanda na kushuka kutwa nzima. Saa kumi alfajiri njia ni nyeupe. Saa mbili usiku, watu wameshakula na kila mmoja ameshika simu yake, foleni inaanza. Sasa mwandishi wa tangazo achukue kasi ya saa ngapi, na ya mteja yupi?

Nchini Uingereza, hadi mwaka 2018, kanuni za matangazo ziliiruhusu kampuni kutangaza kasi ya "hadi" kiwango fulani ilimradi angalau asilimia 10 ya wateja wangeweza kuifikia. Yaani wateja tisa katika kila kumi wangeweza kumaliza mkataba wao bila kuiona kasi hiyo hata siku moja, na tangazo likabaki halali. Kuanzia tarehe 23 Mei 2018 kanuni ikabadilishwa: kasi inayotangazwa lazima iwafikie angalau nusu ya wateja, tena katika saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Vifurushi vya laini ya simu vilivyokuwa vikitangazwa kwa kasi ya hadi megabiti 17 vikaanza kutangazwa kwa megabiti 10 au 11. Hakuna waya uliofukuliwa wala mtambo uliozimwa usiku ule. Mteja alipata kilekile alichokuwa akipata jana yake, ila sasa tangazo lilikuwa limesogea karibu na maisha yake.

Wastani nao una hila zake. Chukulia nyumba kumi. Tisa zinapata megabiti 4 kwa sekunde, na moja, iliyo jirani na mtambo mpya, inapata 164. Jumla ni 200, wastani ni 20. Kampuni itachapisha 20 na haitakuwa imesema uongo, ingawa hakuna hata nyumba moja kati ya hizo kumi inayopata 20. Zipange nyumba hizo kwa mstari, kuanzia ya chini hadi ya juu, utazame iliyo katikati: ina 4. Hila kama hiyo hufanyika kwa saa. Mtandao unaotoa megabiti 50 kwa saa 18 za siku na megabiti 5 kwa saa sita za jioni una wastani wa karibu 39. Lakini mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni anaijua ile 5 tu. Kwake, 39 ni matusi.

Pia kuna mkanganyiko wa kipimo chenyewe. Kasi huuzwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Aliyenunua megabiti 20 kwa sekunde atapokea, mambo yote yakienda sawa, megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la megabaiti 700 litamchukua dakika nne na sekunde 40. Akiona "2.5" kwenye skrini ilhali risiti imeandikwa "20", ataapa kuwa amepunjwa. Hapo kampuni haikupunja kitu, lakini pia haikujihangaisha kumweleza.

Kipimo kinaishia wapi?

Ukibonyeza kitufe cha kupima kasi kwenye simu, programu hutafuta seva iliyo karibu, hupokea na kutuma data, kisha hukupa namba. Wengi hawaulizi seva hiyo iko kwa nani. Huduma kubwa kama Speedtest ya kampuni ya Ookla, iliyoanza mwaka 2006, hutegemea maelfu ya seva zinazohifadhiwa na wenyeji mbalimbali, na nyingi ziko ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti zenyewe. Kipimo cha namna hiyo hujibu vizuri swali la njia kutoka kwako hadi kwa kampuni yako. Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda kwa kampuni yake na kuishia hapo. Video, benki, masomo na barua viko nje, na data ya nje huingia kupitia milango ambako mtandao wa kampuni moja unaungana na wa nyingine. Milango hiyo ikijaa, kipimo cha ndani kitaendelea kung'ara huku mteja akitazama kiduara kinachozunguka.

Marekani ililiona hili kati ya mwaka 2013 na 2014. Netflix ilikuwa ikisafirisha video zake kupitia wachukuzi wakubwa wa data, mmojawapo kampuni ya Cogent. Milango kati ya wachukuzi hao na baadhi ya kampuni za intaneti ikajaa, na hakuna upande uliokubali kubeba gharama ya kuipanua. Kwa hesabu za Netflix, kasi ya video zake kwa wateja wa Comcast ilishuka kutoka takriban megabiti 2.1 kwa sekunde mwezi Oktoba 2013 hadi 1.5 mwezi Januari 2014. Februari, Netflix ikakubali kuilipa Comcast ili iungane nayo moja kwa moja. Machi kasi ikawa imeruka hadi takriban 2.5. Nyumba zilikuwa zilezile, nyaya zilezile, bili ileile.

Mwezi Oktoba 2014 mradi wa utafiti wa M-Lab, ulioanzishwa mwaka 2009 kupima intaneti kwa njia iliyo wazi kwa kila mtu, ulichapisha uchambuzi wa vipimo vingi vya miaka hiyo. Mjini New York, wateja wa Time Warner Cable na Verizon waliopitia Cogent waliteseka hasa katika saa za jioni. Wateja wa Cablevision, mjini humohumo na kupitia Cogent hiyohiyo, hawakupata shida hiyo. Kama kosa lingekuwa la teknolojia au umbali, wote wangeumia. Yaliyowaumiza baadhi yao yalikuwa mapatano ya kibiashara, au ukosefu wake.

Kisha mwezi uliofuata, Novemba, likajitokeza jambo ambalo kila mpenda takwimu anapaswa kulikumbuka. Cogent ilikiri kwamba mapema mwaka 2014 ilianza kutanguliza data ya kundi moja la wateja wake mbele ya jingine pale milango ilipojaa. Seva za M-Lab zilikuwa kwenye kundi lililotangulizwa. Kwa hiyo sehemu ya nafuu iliyoonekana kwenye vipimo haikuwa nafuu ya kila mtu. Hata mpimaji asiye na maslahi, akikaa kwenye mtandao wa mwenye maslahi, anaweza kuonyeshwa asichoonyeshwa jirani yake.

Netflix ilitoka na funzo lake. Mwezi Mei 2016 ilizindua Fast.com, kipimo kinachovuta data kutoka seva zilezile zinazotoa video zake. Mantiki yake ni kwamba kampuni ya intaneti haiwezi kukiharakisha kipimo hicho bila kuziharakisha na video zenyewe. Ni hila nzuri, ila tusisahau kwamba Netflix naye ana ngoma yake ya kuwamba.

Afrika Mashariki inalijua suala la milango tangu zamani. Kabla kituo cha Nairobi cha kubadilishana data, KIXP, hakijatulia kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, barua pepe kati ya ofisi mbili za mjini Nairobi zinazotumia kampuni tofauti ilipanda setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 angani, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi kwa njia hiyohiyo. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004. Vituo hivyo viliifanya safari ya ndani iwe fupi na rahisi. Lakini vilileta pia nafasi mpya ya kupotoshwa: kipimo kinachoishia kwenye seva ya mjini kwako kinaweza kuwa kizuri sana siku ambayo njia ya kwenda nje imeziba.

Kisanduku cheupe

FCC iliyajua mengi ya haya. Kwa hiyo haikutegemea watu kubonyeza vitufe. Iliishirikisha kampuni ya Uingereza, SamKnows, ambayo iligawa visanduku vyeupe kwa maelfu ya watu waliojitolea. Kisanduku huunganishwa na ruta ya nyumbani na kupima chenyewe usiku na mchana, katika nyakati ambazo wenye nyumba hawatumii intaneti, ili Wi-Fi dhaifu au kompyuta chakavu visichanganywe na makosa ya kampuni.

Ripoti ya kwanza, ya Agosti 2011, ilionyesha kwamba katika saa za msongamano kampuni kwa wastani zilifikisha asilimia 87 ya kasi zilizotangaza. Cablevision ilifikisha karibu nusu tu, na jina lake likachapishwa. Ripoti ya mwaka uliofuata ilikuta wastani umepanda hadi asilimia 96, na Cablevision yenyewe imevuka 100. Hakuna faini iliyotozwa. Kutajwa hadharani kulitosha. Huu ndio ushahidi mzuri zaidi ninaoujua kwamba kipimo cha mtu wa nje kinaweza kumnufaisha mteja kuliko malalamiko elfu.

Lakini mpango huo ulikuwa na ufa. Kampuni zilikuwa washirika. Ili ijulikane kila mshiriki amelipia kasi gani, ilibidi kampuni yake ithibitishe, na kwa kuthibitisha ikajua visanduku viko kwenye nyumba zipi. Zilitia saini kanuni za kutenda kwa nia njema, na ulinzi mkubwa wa mtihani ukawa ni saini hizo.

Hapa ndipo tunaporudi New York. Mashtaka ya Schneiderman yalisema kwamba Time Warner Cable iliwakodisha zaidi ya wateja 900,000, katika miaka kadhaa, modemu za kizazi cha zamani ambazo hazikuwa na uwezo wa kupitisha kasi waliyolipia. Modemu hizo zilikuwa pia kwenye baadhi ya nyumba zenye visanduku, na zingeishusha alama ya kampuni. Kampuni ikaiahidi FCC kwamba itazibadilisha. Kwa ahadi hiyo, matokeo ya nyumba zenye modemu hizo yakaondolewa kwenye hesabu. Kisha, kwa mujibu wa mashtaka, kazi ya kuzibadilisha ikaachwa njiani. Matokeo mabaya yalikuwa yameshatolewa kwenye ripoti, lakini modemu mbaya zilibaki kwa watu, wakiendelea kuzilipia kodi kila mwezi.

Itazame hila hiyo kwa makini. Hakuna aliyefuta namba au kuandika nyingine. Kila namba iliyochapishwa ilitoka kwenye kisanduku halisi katika nyumba halisi. Kilichofanyika ni kuamua nyumba zipi zihesabiwe. Ukitaka kujua kwa nini umma huzikataa takwimu ambazo wataalamu wamezikagua na kuzikuta hazina kosa la hesabu, sababu ni hii: kosa linaweza kukaa mbali kabisa na hesabu.

Mashtaka yaligusa na milango. Yalidai kampuni iliiacha milango ya kuungana na wengine ijae ili ipate nguvu ya kudai malipo, na kwamba walioumia ni pamoja na watazamaji wa Netflix na wachezaji wa mchezo wa League of Legends wa kampuni ya Riot Games. Katika mchezo kama huo, kinachomuua mchezaji ni vipande vya data vinavyopotea njiani na amri inayochelewa kufika. Tangazo la kasi halisemi lolote kuhusu hayo mawili.

Charter ilijitetea kwamba mambo haya ni ya serikali ya shirikisho na jimbo halina mamlaka juu yake. Mahakama za New York zilikataa hoja hiyo mwaka 2018. Mwezi Desemba mwaka huo, chini ya Mwanasheria Mkuu Barbara Underwood, pande mbili zilipatana: dola milioni 174.2. Kati ya hizo, milioni 62.5 zilirudishwa taslimu kwa wateja zaidi ya 700,000, kila mmoja dola 75 na wengine 150. Zilizobaki zilitolewa kama huduma za video na chaneli za bure kwa wateja wapatao milioni 2.2. Kampuni ilitakiwa pia kuzithibitisha kasi inazozitangaza kwa vipimo vya mara kwa mara. Kwa kuwa kesi iliishia kwenye mapatano, hakuna hakimu aliyetoa hukumu ya mwisho juu ya kila dai. Ila kampuni hailipi fedha za namna hiyo kwa sababu ya mteja asiyejua kuwasha ruta.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2019, gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba kampuni nyingine kubwa nazo zilikuwa na njia zao za kuinua alama kwenye mpango huohuo wa FCC, ikiwa ni pamoja na kushinikiza matokeo yasiyopendeza yaachwe nje. Imani iliyojengwa na ripoti ya 2011 ilikuwa imeliwa na walewale iliowapima.

Asilimia 99.9

Kampuni zikiona kasi imekuwa neno la ugomvi, huhamia kwenye upatikanaji. "Mtandao wetu unapatikana kwa asilimia 99.9." Inasikika kama ukamilifu. Mwaka una saa 8,760, na sehemu moja kati ya elfu ya saa hizo ni karibu saa nane na dakika 46. Asilimia 99 kamili ni zaidi ya siku tatu na nusu za giza. Kama saa hizo nane zimeangukia alfajiri mbalimbali, hakuna atakayezihisi. Zikiangukia siku ya mwisho ya wanafunzi kutuma maombi ya mkopo, nchi nzima itazikumbuka.

Tena kuna kuuliza: kilichopatikana ni nini? Mnara unaweza kuwa unawaka, simu ikaonyesha vijiti vyote, na intaneti isipite. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazoihudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja. Tanzania, Kenya na majirani zao zikaporomoka kwa viwango tofauti, kulingana na kila kampuni ilikuwa na njia gani nyingine ya akiba. Waliotaka kujua ukubwa wa tatizo hawakulazimika kusubiri taarifa za kampuni. Waliangalia takwimu za wapimaji wa nje kama Cloudflare na NetBlocks, ambao huona data ikipungua kutoka nchi fulani dakika ileile inapopungua. Kwa mwenye kuhesabu minara, siku ile inaweza kuandikwa kuwa siku njema. Kwa aliyekuwa akituma hati bandarini, haikuwa na mtandao. Kama ripoti ya mwezi ule haisemi lolote kuhusu tofauti hiyo, mteja ana haki ya kuitupa.

Mizani haiachiwi mwenye duka

Tanzania ina Wakala wa Vipimo. Maofisa wake hupita kwenye vituo vya mafuta kukagua pampu, na sokoni kukagua mizani na kupambana na lumbesa. Hakuna anayeona ukaguzi huo kuwa tusi kwa wenye vituo. Sote tumekubali kwamba lita haiwezi kuthibitishwa na anayeiuza. Kwenye data bado tumeachia pampu na mizani mikononi mwa mtu mmoja: kampuni ndiyo inayouza bando, inayohesabu lilivyotumika, na inayotangaza ubora wake. Ndiyo maana kilio cha "bando halikai" hakiishi. Huenda mara nyingi kinachokula bando ni programu zinazojisasisha zenyewe na video zinazojicheza bila kuombwa. Lakini maelezo hayo yakitoka kwa yule mwenye kunufaika bando likiisha, nani atayapokea?

Vyombo vya kusimamia tunavyo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ile ya Kenya, CA, hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, na zote mbili zina kanuni za ubora wa huduma. Kilichobaki nyuma ni kumpa mteja mmoja mmoja ushahidi unaosimama. Ujerumani imejaribu. Tangu Desemba 2021, sheria ya mawasiliano ya huko inampa mteja wa intaneti ya nyumbani haki ya kupunguza malipo pale kasi inapokuwa chini ya mkataba. Anatumia programu ya mamlaka ya serikali yenyewe, anapima mara 30 katika siku tatu tofauti, na matokeo hayo ndiyo anayokwenda nayo kwa kampuni. Utaratibu ni mgumu kiasi, na ndipo ulipo ubora wake. Kampuni haiwezi kusema mteja amebahatisha, na mteja hawezi kusema "mtandao mbovu" kwa sababu ya usiku mmoja aliokasirika.

Mteja naye ana lake la kufanya. Anayepima kwa Wi-Fi akiwa vyumba vitatu kutoka kwenye ruta, kwa simu ya zamani, huku watoto wakitazama katuni, amepima nyumba yake. Kutoaminiana kusikotaka kupima hakuna faida kuliko imani isiyotaka kuuliza. Pima kwa waya kama unaweza, au ukiwa karibu na ruta. Pima jioni na alfajiri. Tumia vipimo viwili vya wenyeji tofauti. Weka kumbukumbu zenye tarehe. Kampuni huweza kupuuza hasira ya mtu mmoja, lakini haipuuzi kwa urahisi kumbukumbu za mtaa mzima zinazosema jambo lilelile.

Na kwa upande wa kampuni, deni linajulikana. Ikichapisha takwimu, iseme nani amepima, kutoka wapi hadi wapi, saa ngapi, wateja gani wamehesabiwa na gani wameachwa. Itoe na kasi ya aliye katikati na ya aliye mkiani, badala ya kutaja wastani tu, na itoe data ghafi ili mwingine aweze kurudia hesabu. Mambo hayo hayahitaji mtambo mpya wala waya mpya. Kampuni iliyokwisha kupima inayo yote kwenye kompyuta zake. Isipoyatoa, imechagua kutoyatoa, na mteja asione haya kuisoma takwimu yake kama anavyosoma bango la barabarani.